Nusu ya Kidonge cha Baba

Nilikuwa na miaka kumi na miwili daktari aliponikabidhi dawa za baba yangu. Hakumpa mama, kwa kuwa mama hakujua kusoma. Baba mwenyewe hakumpa, kwa kuwa alishamfahamu: mtu wa kujibu "nimeshakunywa" kabla hujamaliza kuuliza. Alinipa mimi, mtoto wa darasa la nne niliyekaa kwenye benchi la hospitali mjini Bukoba nikining'iniza miguu, chini ya picha ya Malkia wa Uingereza ambaye hakuonekana kuwa na shida yoyote nyumbani kwake.

Baba alikuwa na kifafa. Kilimwanza mwaka nilioingia shule. Mara ya kwanza alianguka kibanjani kwetu Muleba, katikati ya migomba, panga likiwa mkononi, na Mungu alijua mwenyewe jinsi alivyolielekeza panga lile kwenye shina badala ya shingo. Mara ya pili aliangukia mafiga, akaungua mkono wa kushoto mpaka kiwiko. Baada ya hapo ndugu zake walimtengea kibuyu chake cha rubisi, na walipokaa kunywa pombe hiyo ya ndizi walikaa mbali naye kidogo. Iliaminika kwamba povu la mwenye kifafa likikugusa, ugonjwa ni wako. Na mimi niliamini. Alipoanguka nilikimbilia nyuma ya nyumba na kuziba masikio. Sijivunii hilo, lakini ndivyo nilivyokuwa.

Kisha akapatikana daktari huyo, mtu wa kwetu aliyesomea Uganda, akampa vidonge vidogo vyeupe, kimoja asubuhi na kimoja jioni. Miezi minne baba hakuanguka hata mara moja. Alianza tena kupanda baiskeli. Alianza hata kumgombeza mama, jambo ambalo mama alilipokea kwa furaha, maana mgonjwa hana nguvu za kugomba.

Siku ile kwenye benchi daktari alichuchumaa mbele yangu akazungumza nami kwa Kihaya, taratibu. Alinipa daftari. Kila kidonge baba alichokunywa nikipigie mstari, na kila alipoanguka niweke msalaba. Alinipa na bahasha tatu zenye anwani ya hospitali kwa mwandiko wake mwenyewe.

"Vidonge hivi haviachwi ghafla, hata akijiona mzima," aliniambia. "Vikiachwa ghafla, ugonjwa unarudi na ndugu zake. Na havigawiwi mtu. Akianguka, au dawa ikipungua, au ukiona jambo usilolielewa, usingoje siku yetu ya kuonana. Niandikie, umpe barua dereva wa basi. Anapita hapa mlangoni."

"Ndiyo, waitu," nilisema, kwa neno letu la heshima. Nilitaka kumrudishia daftari lake nikacheze. Tangu siku hiyo sikulala vizuri. Vidonge tulivitia kwenye kibati cha tumbaku, nami kila nilipokitikisa niliona kama ninausikia uhai wa baba ukigongana na bati.

Sasa nimtaje rafiki wa baba.

Kwetu wakati ule kulikuwa na rafiki, na kulikuwa na omunywani. Rafiki unampata sokoni. Omunywani ni mtu mliyechanjiana damu. Mnakaa kitako mbele ya mashahidi, kila mmoja anachanjwa karibu na kitovu, tunda la kahawa linapasuliwa, na punje zake mbili zinapakwa damu. Wewe unameza iliyo na damu yake, yeye anameza iliyo na damu yako, mdomo ukichukua kutoka kiganjani mwa mwenzako. Kuanzia hapo mnakuwa zaidi ya ndugu wa tumbo moja. Hamnyimani kitu. Hamtoboleani siri. Atakayevunja kiapo, ile kahawa aliyoimeza itavimba ndani yake mpaka tumbo limuue. Kanisani mchungaji aliikemea desturi hiyo mara mbili kwa mwaka, na baba aliyasikiliza mahubiri akiwa benchi la mbele, kovu lake likiwa salama chini ya shati.

Omunywani wa baba alikuwa katekista huko Izimbya. Alikuwa mtu mrefu wa kucheka sana, na nilimpenda kuliko baba zangu wadogo wote. Msimu wa senene alituletea senene waliokaangwa vizuri, si wale wa jirani walioachwa na mabawa. Alikuja kwa baiskeli mwendo wa siku nzima, na mama akisikia kengele yake anatoka mlangoni kumkaribisha, "Nyegera waitu!" na mimi ninakimbia kuleta akamwani, zile kahawa za kutafuna anazopewa mgeni kabla hajaulizwa habari.

Zamani alikuja mara mbili kwa mwaka. Baada ya baba kupata dawa, alianza kuja kila mwezi. Tena alikuja siku ya tatu au ya nne baada ya baba kurudi kutoka Bukoba, kibati kikiwa kimejaa. Hayo ninayaona leo. Wakati ule niliona tu kwamba ninafurahi.

Kisha vidonge vikaanza kupungua.

Nilivihesabu Jumatano vikapungua sita. Nikadhani nimekosea hesabu, nikavimwaga mkekani, nikahesabu tena. Sita. Nilitokwa na jasho. Niliwaza panya. Niliwaza kwamba nimempa baba viwili viwili kwa kusahau, na kwamba nimekwisha kumuua ila bado hajajua. Sikumwambia mtu. Mwezi uliofuata vilipungua kumi na vinne, na baba akaanguka, akiwa anafunga mbuzi, kwa muda mfupi tu. Niliweka msalaba daftarini, umepinda kama alama ya unyayo wa kuku.

Niliamua kukivizia kibati. Omunywani alipokuja, nilileta akamwani kama kawaida, nikatoka, nikarudi kimya kwa mlango wa nyuma na kusimama nyuma ya kiambaza cha matete. Niliwaona. Baba alikuwa na kisu kidogo cha kukatia vikonyo vya kahawa. Aliweka kidonge kwenye kigae, akakipasua katikati, akaweka nusu kiganjani. Yule mtu mrefu wa kucheka sana aliinamisha kichwa, akaichukua kwa midomo yake kutoka mkononi mwa baba. Alikuwa analia.

"Jumapili nilianguka kwenye baiskeli," alisema. "Niliwaambia ni utelezi. Wakijua, nani atamleta mtoto wake nimfundishe? Nani atakubali nimshike mkono?"

"Hawatajua," baba alisema.

Nilipiga chafya. Mpaka leo siisamehe chafya hiyo.

Baba hakunipiga. Afadhali angenipiga. Aliniita, nikapiga magoti mbele yao wote wawili, akaniambia kwa sauti ya chini, kama baba kwa binti yake, "Muhara wange, hukuona kitu."

"Tata, daktari alisema havigawiwi mtu."

"Daktari hajanywana na mtu. Mimi nimenywana. Hiki ni kiapo changu, na wewe ni damu yangu. Ukifungua mdomo, umefungua mdomo wangu. Unajua kinachofuata?"

Nilijua. Nililitazama tumbo lake chini ya shati.

"Na daftari?" niliuliza.

"Andika ninakunywa vyote."

Niliandika. Miezi miwili nilipiga mistari miwili kila siku, mizuri, iliyonyooka, kwa dawa ambayo baba alikunywa nusu yake. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hawakusema lolote juu ya mtoto anayeyafichia maradhi ya watu wawili kwa penseli moja. Baba alianguka tena, mara mbili. Tulipofika Bukoba daktari alilifungua daftari, akaitazama mistari, akaitazama misalaba, akakunja uso.

"Anakunywa vyote, na bado anaanguka," alisema. "Basi dawa haimtoshi. Nitaiongeza." Kisha akanigeukia. "Umefanya kazi nzuri."

Niliomba ardhi inimeze. Nilijua anafanya hesabu juu ya namba za uongo, na uongo ule ni wangu. Niliogopa kwamba dawa iliyoongezwa itamdhuru baba, niliogopa kwamba isiyoongezwa haitamponya, na nikisema ukweli tumbo litamvimba. Kote kulikuwa kifo, na mimi ndimi niliyekuwa nimeshika kibati. Nikasema, "Asante, waitu."

Masika yakaja, barabara zikawa uji. Omunywani alifika akiwa amejaa tope mpaka kifuani, baiskeli ameibeba begani badala ya yenyewe kumbeba yeye. Alisema hataweza kuja tena mpaka mvua ziishe. Baba hakutafakari hata kidogo. Alikimwaga kibati chote kwenye kitambaa cha mwenzake, akafunga fundo.

"Tata, na wewe?"

"Mimi sijaanguka wiki tatu. Nimepona." Alicheka. Nilimchukia kwa kicheko kile. Wema usizidi uwezo, na baba yangu alikuwa anagawa kitu ambacho hakikuwa chake peke yake, kilikuwa chetu sote tuliokula kwa jembe lake.

Hiyo ilikuwa Jumapili. Jumatatu hapakuwa na mstari wa kupiga. Jumanne basi la kwenda mjini lilipita, nami nilisimama kando ya barabara na bahasha tupu ndani ya gauni, mkono juu yake, nikalitazama likipita. Sikuweza. Niliporudi nyumbani nilichana ukanda mwembamba wa mgomba mkavu, na baba alipolala kupumzika baada ya chakula cha mchana niliuzungusha tumboni pake polepole na kuufunga fundo la alama pale ncha zilipokutana. Nilitaka kujua tumbo lilivyo kabla, ili nijue likianza kuvimba.

Ijumaa asubuhi alianguka uani. Tulimlaza ubavu, mama akamwekea khanga chini ya kichwa. Akatulia. Kabla hajafungua macho, kikamrudia. Kikatulia, kikamrudia. Sikuwa nimewahi kuona kinarudi namna hiyo bila kumpa mtu nafasi ya kuvuta pumzi. Midomo yake iligeuka rangi ya zambarau. Ndugu zake walikuja wakasimama penye uzio, hakuna aliyeingia. Mama alinitazama akasema neno moja tu: "Andika."

Niliandika nimepiga magoti kwenye tope. Nakumbuka barua nzima kwa sababu ilikuwa fupi. *Baba anaanguka bila kukoma. Hana dawa tangu Jumapili. Alikuwa anakunywa nusu, nusu anampa mtu. Daftari ni uongo. Ni mimi.* Sikumtaja mtu mwenyewe. Nilidhani labda kahawa ingehesabu hilo.

Nilikimbia mpaka barabarani. Basi lilikuwa limekwama kwenye tope, abiria wote wakilisukuma, na kama lisingekwama ningelikosa. Nilimpa dereva bahasha. Alisoma anwani, akaitia kwenye kofia yake na kuivaa kofia.

Gari la hospitali lilifika asubuhi ya siku ya pili, daktari mwenyewe ndani. Kwa saa zote zile kabla hajafika sikukimbilia nyuma ya nyumba. Nilishika kichwa cha baba, povu likinitiririkia mkononi, na nilikuwa nimeogopa mengine mengi kiasi kwamba sikupata nafasi ya kuliogopa hilo. Daktari alimchoma sindano ya dawa yenye harufu kali iliyojaa uani pote. Tukangoja. Kikamrudia mara moja, kidogo. Kisha hakikurudi.

Ndipo daktari aliponitazama.

"Daftari linasema amekunywa vyote. Barua inasema hakunywa. Nimwamini nani?"

"Barua," nilisema.

"Nilimwongezea dawa kwa kuliamini daftari. Angekuja siku moja akavinywa vidonge vyote nilivyomwandikia, ningemuua mimi kwa mkono wako. Unanielewa?" Hakupaza sauti. "Lakini umeandika. Mtu akiniandikia ukweli, hata ukiwa umechelewa, ninaweza kufanya kitu."

Tulikwenda naye Bukoba ndani ya gari lile. Siku mbili baba hakujua yuko wapi. Mama alipika nje pamoja na wanawake wengine wenye wagonjwa, na mimi nilikaa kando ya kitanda. Kila asubuhi kabla wauguzi hawajapita, niliuingiza ukanda wa mgomba chini ya shuka, nikauzungusha, nikatazama kama fundo linafika. Siku ya kwanza lilifika. Siku ya pili lilifika, lakini kwa kubana kidogo.

Siku ya tatu nilikuwa katika kazi hiyo niliposikia mtu amesimama nyuma yangu. Alikuwa omunywani. Habari zilimfikia Izimbya, naye akaja kwa miguu.

"Unafanya nini, mwanangu?"

Nilikuwa nimechoka kuficha. Nilimwambia yote: barua, kiapo, kahawa, fundo. Nilimwambia nimevunja kiapo cha baba na sasa namsubiri afe. Alisikiliza, macho yakiwa kwa baba aliyelala. Hakucheka. Kisha akaketi kwenye sakafu, mtu mzima, akapandisha shati lake mpaka kifuani. Nililiona kovu, dogo, kando ya kitovu.

"Hamnyimani, ndivyo tulivyoapa," alisema. "Hatukuapa kulana. Mimi ndiye niliyemla mwenzangu, kidonge kwa kidonge, miezi yote hii, nikijua. Kama kahawa ile inavimba, itakuwa imeanza humu. Pima."

Sikutaka. Akaushika mkono wangu pamoja na ukanda. Nilimpima. Alikuwa amekonda kiasi kwamba ncha zilipitana kwa upana wa mkono mzima.

"Umeona?"

"Nimeona, waitu."

Alishusha shati. Kwenye mfuko alitoa kile kitambaa chenye fundo, akakiweka juu ya meza ndogo ya baba. Kisha akatoka kwenye baraza ambako wagonjwa wa nje walipanga foleni, akasimama nyuma ya wote. Nilimfuata. Mle kwenye foleni walikuwemo watu wawili wa Izimbya, wakamsalimu kwa heshima, wakamuuliza anaumwa nini. Alijibu kwa sauti ndogo. Alikuwa mtu anayeweza kuimba mbele ya kanisa zima.

"Kifafa," alisema.

Mmoja wao alisogea hatua moja. Mwingine hakusogea. Nilisimama kati yake na yule aliyesogea, nikamshika mkono omunywani wa baba, na tulingoja hivyo mpaka zamu yake. Alipewa kadi yake. Daktari alimwambia vidonge vyake havitafanana na vya baba kwa wingi, maana mwili wake si mwili wa baba, na akamkataza rubisi kabisa. Hilo la rubisi lilimuumiza kuliko kadi. Izimbya walimnyang'anya darasa la watoto, kama alivyokuwa ameogopa. Alirudishiwa baada ya mwaka mmoja na zaidi, na si wazazi wote waliorudi.

Baba alipona kwa jinsi watu wa kifafa wanavyopona: alikunywa dawa, akaishi. Tulirudi Muleba na kibati kipya na daftari jipya. La zamani daktari alibaki nalo. Kila jioni nilimpa kidonge, nikasimama mbele yake mpaka ameze, nikasema, "Fungua mdomo, Tata," naye akafungua, mzee wa watu, akinung'unika kwamba amezaa askari.

Lakini sikuacha kumpima. Nilikuwa nimeliona tumbo la omunywani kwa macho yangu, nilikuwa nimeyasikia maneno yake na kuyaamini mchana kweupe, na bado kila alasiri baba alipolala kupumzika nilikwenda kwa vidole vya miguu, nikauzungusha ule ukanda, nikatazama fundo. Hofu iliyoingia na kiapo haitoki kwa hoja.

Siku moja, kahawa zikiwa zimeanza kuiva, nilikuwa nimeinama hivyo, pumzi nimeibana, nikimwona amefumba macho na kukoroma taratibu. Mkoromo ukakatika.

"Limeongezeka?" baba aliuliza, macho yakiwa bado yamefumbwa.

Sikujua kama ni mara ya kwanza ananisikia au alinisikia siku zote.

"Halijaongezeka, Tata."

Niliona kifua chake kinapanda na kushuka haraka, kama cha mtoto aliyekimbia.

"Pima tena," alisema.

Nikapima tena.